Mlango Tuliowaachia Tembo

Vijana wangu mnaojenga nyua za mawe hapa Mapendo na kule Mabanga, nawaona kila asubuhi nikiwa nimekaa mbele ya nyumba yangu. Mnavuta kamba, mnachagua jiwe lenye uso mzuri, mnaliweka, halafu mnarudi nyuma kulitazama kama mtu anayemtazama bibi arusi. Ukuta unatoka umenyooka, hata paka anatembea juu yake bila wasiwasi. Mnafanya kazi nzuri, siwanyimi sifa. Lakini mimi nilipoanza kazi hii ya mawe, ukuta wa namna hiyo ungenifukuzisha siku hiyo hiyo, kwa sababu sikuwa najenga kwa ajili ya watu. Nilikuwa nampangia tembo.

Msicheke. Hata mjukuu wangu alicheka nilipomwambia. "Koko, tembo ya wapi hapa Goma?" Nikamwonyesha kwa kidole kule juu, upande wa Kibati, akatazama, akaona mabati na moshi wa jikoni, akarudi kwenye mpira wake. Simlaumu. Mimi mwenyewe nikitazama kule siku hizi sioni kitu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado ndio wenye kuamuru, na Goma ni mji mdogo tu kando ya ziwa. Sisi tulikaa juu, kwenye kilima chenye udongo mweusi uliolala juu ya mawe ya volkano. Upande huu msitu wa Nyiragongo, upande ule msitu wa Mikeno, na sisi katikati na mtama wetu, maharage yetu na viazi vyetu, bilazi kama tunavyosema sisi. Tembo walikuwa na desturi ya kutoka msitu mmoja kwenda mwingine, na baada ya muda kurudi. Walipita pale kabla babu zetu hawajafika na majembe yao. Sisi ndio tuliowakuta njiani.

Aliyenifundisha kazi ni Muzee Ntamwete, mtu mfupi, mkali, mwenye nyayo ngumu kama soli ya kiatu. Kilima kizima kilimtunza. Wakati wa mavuno kila nyumba ilimpelekea mtama wake, naye mwaka mzima alikuwa akipanga mawe. Alitandaza ukanda wa mawe kuzunguka mashamba, mawe yenye meno, yaliyolegea, yanayobingirika ukiyakanyaga. Tembo ni mkubwa, lakini chini ya mguu wake ni laini, na hapendi kabisa jiwe linalomchezea. Anafika, ananusa, anajaribu kwa mguu mmoja, anarudisha mguu.

Lakini Muzee hakuzungusha mawe akafunga. Aliacha mlango upande wa Nyiragongo na mlango mwingine upande wa Mikeno, na kati ya milango hiyo akaacha njia isiyolimwa, inayokata kilima chetu katikati. Upana wake ulitosha mama na mtoto wake kupita bega kwa bega. Hapo hapakupandwa hata kitunguu. Tembo wakija, wanaingia mlango huu, wanapita kimya kimya katikati ya mashamba yetu, wanatokea mlango ule. Wageni kutoka Rutshuru walikuwa hawaamini mpaka waone kwa macho yao. Sisi tulishazoea, tunawaita tu watoto waingie ndani, basi.

Siku yangu ya kwanza nilitaka kumfurahisha Muzee. Alipokwenda kunywa pombe kwa shemeji yake, nilipanga mawe yangu vizuri, moja juu ya lingine, nikaziba kila tundu kwa vijiwe vidogo, kazi safi kama ya kanisani. Aliporudi alisimama mikono kiunoni.

"Ni nini hii?"

"Ni ukuta, Muzee."

"Mutoto, hii ni eskalie, ni ngazi. Umemujengea tembo eskalie. Atapanda, atakushukuru, atakula bilazi yako."

Akanivua viatu vyangu, vile vya matairi, akaniamuru nipite juu ya ukuta wangu. Nikapita bila shida yoyote. Akabomoa wote kwa mguu. Tangu siku hiyo ndivyo alivyokuwa akikagua kazi yangu: nipite peku, yeye amekaa na kiko chake. Nikipita bila kupiga kelele, nabomoa na kuanza upya. Nikilia na kumtukana, anatikisa kichwa na kusema, "Sasa iko muzuri." Nyayo zangu mpaka leo hazijamsamehe.

Alinifundisha mambo mengine ambayo leo hayana kazi, lakini nitawaambia, maana nikifa nani atawaambia? Karibu na njia usipande kitu kitamu. Mama mmoja pale kilimani alipanda maboga pembeni ya mlango, "kidogo tu", ya kumsaidia wakati wa njaa. Asubuhi maboga hayakuwepo, jiko nalo halikuwepo, na chungu tulikiokota kwa jirani. Usichome takataka njiani, usimwage maji ya chumvi. Panda tumbaku pembeni, hiyo hawaigusi. Mvua kubwa ikinyesha, nenda ukageuze mawe, kwa sababu udongo unajaa katikati yake na yanatulia, na jiwe lililotulia halimtishi tembo. Na ukiona mavi ya moto mlangoni, usijifanye shujaa. Rudi nyumbani.

Zaidi ya yote alikataza kuziba. Kuna watu walimwambia, Muzee, wewe unajua mawe, kwa nini usizibe pande zote tembo wazunguke mbali? Alikuwa akijibu kwa hasira kila mara.

"Bazunguke wapi? Ukifunga hapa, atapita kwa jirani yako. Na kwa jirani kuko batoto."

Alikufa kwa kifua, wakati wa baridi. Kilima kikaniambia mimi niendelee, nikaendelea, nikawa ninaletewa mtama kama yeye. Nilijiona mtu mkubwa. Nilidhani kazi hiyo nitaifanya mpaka uzee wangu, kisha nitafute kijana wa kumvua viatu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika, na hayakuharibika kwa ubaya wa mtu. Kwetu baba anapomwoza mwanawe lazima amkatie munani, yaani kipande cha shamba cha kujengea nyumba na kulima. Mwana asiye na munani hawezi kuitwa mwanaume. Desturi hiyo ilikuwa nzuri wakati ardhi ilikuwa nyingi. Lakini watoto walizaliwa, misheni ikawachanja, hawakufa tena ovyo, wakakua, wakataka kuoa. Juu kuna msitu wa parki, huwezi kugusa. Pembeni kuna jirani naye ana wana wake. Mashamba yakakatwa vipande, na vipande vikakatwa tena. Na katikati ya kilima, mbele ya macho ya kila mtu, ardhi nyeusi iliyojaa mavi ya tembo ya miaka yote, imelala tu, haina jembe.

Muzee Bizimana alikuwa na shamba linalopakana na njia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wana wengi na shamba jembamba. Mwanawe wa tatu, Faustin, alimposa mdogo wangu Dativa, na sisi tulimpenda Faustin. Alikuwa mchapakazi, hana maneno mengi, anamcheka Dativa kwa upole wakati dada yangu alikuwa na ulimi mkali. Nikafurahi mpaka Jumapili moja baada ya misa, nilipomkuta Bizimana amesimama katikati ya njia ya tembo na wazee wawili wa ukoo, Faustin anapiga vijiti ardhini.

"Muzee, munafanya nini hapa?"

"Ninamupa mutoto wangu munani."

"Hapa ni njia ya batembo."

"Batembo bako na musitu mubili, huku na kule," akasema. "Mutoto wangu hana hata moja. Niambie wee, Ladislas, nimupe fasi gani? Nionyeshe. Nitamupa hiyo."

Nilitazama huku, nikatazama kule. Kila nilipotazama palikuwa na mtu na jembe lake. Sikuwa na pa kumwonyesha. Nimejenga nyumba nyingi tangu siku hiyo, nimebishana na watu wengi, na swali hilo bado sijalipatia jibu.

Nikaenda kwa Dativa. Nikamwambia akatae, au amwambie Faustin waende Masisi wakatafute ardhi, au akae kwetu kwanza. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Nikae kwetu wapi, kaka? Shamba ya baba imeisha kugawanyika kwenu. Mi nitalala juu ya mawe yako?"

"Dativa, batembo si bale ba picha ya buku ya shule. Banaua."

"Na njaa?"

Basi wakaoana. Nyumba ikajengwa katikati ya njia, udongo na nyasi, mlango ukitazama Mikeno. Msimu wa kwanza tembo walifika pale, wakasimama. Wakanusa nyumba kwa muda mrefu, kisha wakageuka wakapita katikati ya mtama wa watu wengine, na walichokanyaga kilikuwa kingi kuliko walichokula. Kilima kikanijia juu. "Batembo yako, Ladislas! Batembo yako!" Kana kwamba mimi ndiye niliyewazaa.

Hapo nilifanya kazi ambayo mpaka leo nadhani ndiyo bora kuliko zote za maisha yangu, na hakuna ghorofa hapa Goma ambayo ningeilinganisha nayo. Mimi na Faustin tuliipinda njia. Kuanzia mlango wa Nyiragongo tulivuta mawe kidogo kidogo, tukaizungusha nyumba kama mto unavyozunguka mwamba, halafu tukairudisha kwenye mlango wa Mikeno. Bizimana alitoa ukanda wa shamba lake mwenyewe kwa ajili ya kona hiyo, niliwaambia hakuwa mtu mbaya. Dativa naye alijifunza. Hakutwanga mtama msimu wa tembo, hakuacha ganda la ndizi nje, majivu alifukia. Alikuwa na mimba na bado anabeba mawe kichwani, nikimkataza ananitukana.

Tembo wakarudi. Asubuhi nilikimbia kwenda kwake nikijua nitakuta maiti, nikamkuta ameketi mlangoni anakunywa uji.

"Bamepita?"

"Bamepita hapa, pembeni ya kitanda. Nimesikia bo banapumua. Ile mama mukubwa ametangulia, bengine nyuma. Hata jani moja hawakugusa." Akacheka. "Bako na adabu kupita bashemeji zangu."

Nakumbuka nilikaa chini nikacheka naye mpaka machozi yakanitoka. Nilidhani tumeweza. Nilidhani mtu na tembo wanaweza kulala hivyo, ukuta wa udongo katikati, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi kidogo. Nawaambia ili mjue kwamba iliwezekana, na kwamba kujua hivyo hakujanisaidia chochote.

Mtoto akazaliwa, mwanaume. Kwetu mtoto hupewa jina mbele ya watu, na watu hunywa. Bila pombe ya mtama hakuna jina, ni kama mtoto mmemwokota. Nikamwendea Bizimana, nikamwomba pombe ipikwe kwake, juu, mbali na njia, na watu wanywe huko huko. Pombe ya mtama inapochacha tembo huinusa kutoka mbali, Muzee Ntamwete aliniambia mara nyingi. Bizimana akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Ladislas, pombe ya jina inanyweka kwa nyumba ya mutoto. Tukinywea kwangu, batu batasema mutoto ni wangu. Utamuletea dada yako haya."

Nikamgeukia Faustin. Faustin akaendelea kukata majani ya migomba. Nikamgeukia Dativa mwenyewe, yeye aliyefukia hata majivu. Akasema, "Ni siku moja tu, kaka. Nataka mutoto wangu apate jina kwa nyumba yake." Nyumba yake. Alilitamka neno hilo kwa fahari, na sikuwa na moyo wa kuendelea. Mitungi ikapangwa nyuma ya nyumba, ikafunikwa kwa majani ya migomba.

Asubuhi ya siku ya jina kulikuwa na ukungu, ule wetu wa juu unaokunyima kuona mkono wako mwenyewe. Faustin alikuwa amekwenda kwa baba yake kuchukua viti. Mama mkwe wa Dativa alikuwa ndani na mtoto mapajani, na yeye ndiye aliyetusimulia. Dativa alisikia mtungi unavunjika. Akasema ni ng'ombe wa jirani wameingia tena. Akachukua ufagio akatoka kuwafukuza, akiwatukana, na mama mkwe akawa anacheka kwa matusi yake. Kisha matusi yakakatika.

Sitasema zaidi. Nilimkuta mimi kabla ya Faustin, na hilo linatosha.

Wageni walifika na nguo zao za sikukuu. Waliokuja kwa jina wakabaki kwa kilio. Jina la mtoto lilitolewa hapo hapo, kando ya mama yake, Alphonse, kwa sababu Bizimana alisema mtoto asilale siku mbili katika nyumba ya msiba bila jina. Alilitoa akilia. Hakuna aliyekunywa.

Baada ya mazishi kilima kikataka bunduki, na nani angekataa? Wazee wakaenda kulalamika kwa wakubwa, na wakubwa wakatuletea mzungu mmoja mwindaji, mtu wa kimya mwenye kofia. Nilidhani atahangaika msituni siku nyingi akifuata nyayo. Hakuhangaika. Aliuliza tu tembo wanaingilia wapi, na watoto wote wakamwonyesha kwa vidole mlango wangu wa mawe. Akaja, akautazama, akafurahi. Akaketi nyuma ya mawe niliyoyapanga, akaegemeza bunduki juu yake, akawasha sigara, akasubiri.

Walikuja, kwa sababu tuliwafundisha kwamba hapo ndipo pa kupita na kwamba hapo hakuna mtu anayewagusa. Mama mkubwa alitangulia. Alipoanguka, wengine hawakukimbia pembeni, maana pembeni kulikuwa na mawe yenye meno. Walibanana pale pale mlangoni. Mawe yalifanya kazi yake vizuri sana. Watu walipiga makofi na vigelegele, na mimi nilisimama katikati yao, ndugu wa marehemu, wakinipisha mbele ili nione vizuri. Nilitaka kufurahi. Wale walimuua dada yangu. Nilitafuta furaha moyoni mwangu, sikuipata, na huzuni niliyokuwa nayo kwa Dativa nayo ikachafuka, ikawa siwezi kumlilia yeye bila kuwaona wao.

Waliobaki hawakurudi tena. Kabla mifupa haijakauka, njia ilikwishapigwa kamba. Kila mwenye shamba pembeni alipata ukanda wake, wakagawana kwa amani, hakukuwa na ugomvi. Mtama wa kwanza uliopandwa pale ulikuwa mrefu kuliko mtu. Mawe hayakuwa na kazi tena, wakayabeba kujengea, na mimi, mpanga mawe bila tembo, nikashuka Goma ambako kulikuwa na majengo. Fundi wa kwanza aliyeniajiri alinigombeza wiki nzima kwa sababu mawe yangu yalikuwa yanalegea. Nikajifunza kunyoosha. Ndivyo nilivyokuwa fundi huyu mnayemjua.

Mnaniuliza mara nyingi, Papa Ladi, tupe shauri la kazi. La ukuta ninalo: loweka jiwe kabla ya kuweka sementi, usiamini kamba ya mwenzako. La hili jingine sina. Nimelifikiria maisha yangu yote na sijaona mahali ambapo mtu mmoja angesema hapana na mambo yakawa mengine. Bizimana angemnyima mwanawe? Dativa angekaa bila nyumba? Mtoto angekosa jina? Kila mmoja alifanya kinachofaa, na kikakusanyika kikawa hivyo.

Faustin alioa tena, akapata wana wengine, akazeeka, akakata munani. Alphonse mimi nilimwona mara chache, na alipokuja kwangu hapa Mapendo alikuwa mwanaume mzima na mke wake nyuma yake amebeba godoro. Alikuwa na sura ya mama yake, nikashindwa kumtazama moja kwa moja. Tukala. Baadaye akaniambia kilichomleta: shamba la baba yake limegawanyika mpaka limekwisha, ndugu zake wamejenga ukuta kwa ukuta, na yeye wamempa fasi ya kulaza mwili tu.

Akasogeza sahani pembeni. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya kuomba.

"Mujomba, banasema kulikuwa njia kule juu, njia ya batembo, haikuwa ya mutu. Haikubaki hata kipande kidogo?"

Nikamwambia haikubaki.